Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Faili la Jaylene Gibbs lilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne, na Coralie Weston alizisoma zote kabla hajaigusa chai yake. Wenzake katika Ofisi ya Mtetezi wa Watoto walizoea kuanza na ukurasa wa mwisho, ule wa mapendekezo, kisha kurudi nyuma mbio mbio. Yeye alianza na wa kwanza, na kila alipogeuza karatasi alijiuliza ni nani aliyepaswa kuwemo na hayumo. Asubuhi hiyo aliyekosekana alikuwa bibi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mama wa Jaylene alipelekwa Adelaide kwa ndege kufanyiwa upasuaji wa moyo, akamwacha mtoto, miaka miwili kasoro, kwa mpenzi wake. Mpenzi akaondoka. Tarehe saba Mei polisi wa Larkin Creek walimkuta mtoto peke yake ndani ya nyumba, wakamkabidhi Idara ya serikali inayoshughulikia watoto. Tarehe kumi na mbili Idara ikampandisha ndege kwenda kwa walezi wa Kizungu hukohuko Adelaide, kilomita elfu moja na mia tano kutoka kwao. Sasa ulikuwa mwezi wa Agosti, na mama bado alikuwa hoi kitandani. Kesho yake saa nne asubuhi, Idara ingemwomba hakimu amri ya mtoto kubaki kwa walezi hao mpaka atimize miaka kumi na minane.

Sheria haikuwa na utata. Mtoto wa wenyeji wa asili akiondolewa kwao, kwanza hutafutwa ndugu zake. Wasipopatikana, hutafutwa watu wa jamii yake. Wageni wasiomjua huja mwisho kabisa, tena baada ya Idara kuonyesha kwamba imetafuta kweli. Kwa hiyo kesi nzima ilisimama juu ya ukurasa wa sitini na moja.

Ukurasa huo ulikuwa fomu ya njano iliyojazwa kwa mkono. "Tarehe 9 Mei. Nimefika nyumba namba 7, kambi ya Ironwood. Nimemuulizia bibi mzaa mama." Hapo lilifuata jina la kwanza la bibi huyo, ambalo mimi sitaliandika, na sababu itaonekana. "Watu wazima watatu wameniambia hakuna mtu wa jina hilo. Ndugu hawakupatikana." Palikuwa na saini ya Kirsten Hadley, afisa wa watoto, na chini yake ya Graeme Pollard, mkuu wake.

Bibi huyo asiyepatikana alijipeleka mwenyewe ofisini kwa Idara mwishoni mwa Juni, kwa miguu. Waliokuwa zamu walimwambia amechelewa, mtoto ameshazoea alipo. Ndipo akapeleka malalamiko kwa Mtetezi, na faili likamwangukia Coralie.

Kirsten Hadley alikuwa na miaka ishirini na sita. Alitoka Melbourne mwezi wa Februari, na kucha zake zote kumi zilikuwa zimetafunwa. Walikaa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo, na upande wa pili wa kioo Pollard alikuwa anajifanya anasoma.

"Ulikwenda mwenyewe?" Coralie aliuliza.

"Mwenyewe."

"Ukaongea na nani?"

"Wanawake wawili na mwanaume mmoja. Walikuwa nje, wanaota moto. Majina yao sikuyauliza."

"Ila la bibi ulilitaja."

"Mara mbili. Walitazamana. Halafu yule mwanaume akainamisha macho akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nikauliza tena, mama mmoja akaniambia niende zangu."

Coralie aliandika yote. Katika miaka kumi na tisa ya kazi hiyo alikuwa amesikia waongo wengi, na waongo hupenda kubuni maneno na majina. Huyu alileta macho yaliyoinama. Jambo kama hilo halibuniwi na mtu aliyefika mjini juzi. Akaweka alama ya tiki pembeni.

"Nimeangalia kitabu cha magari yenu," aliendelea. "Kuna safari moja ya Ironwood, tarehe tatu Juni, sababu haikuandikwa. Tarehe tisa Mei hakuna kitu."

Kirsten alitupa jicho kwenye kioo. "Tarehe tisa nilitumia gari langu."

"Kale kadogo keupe nilikokaona nje? Kwenye mchanga ule?"

"Nilikwenda polepole."

Mlango ukafunguliwa. Pollard aliingia na kikombe chake, mwanaume mnene, mcheshi, aliyependwa na kila mtu mjini ambaye hakuwa na mtoto kwenye mafaili yake.

"Coralie, bado hujamalizana na binti wa watu? Tumetafuta, hatukupata. Ulitaka tufanyeje, tupige filimbi?"

"Filimbi ingesaidia. Ni kilomita tatu kutoka hapa."

"Halafu nasikia mlalamikaji ni ndugu yako."

"Simjui. Lakini nikishaonana naye atakuwa ndugu yangu. Huku kwetu hakuna namna nyingine."

Pollard alicheka peke yake.

Kambi ya Ironwood ilimpokea Coralie kwa mbwa saba na moshi. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa Agosti ulikuwa baridi, na mwanamke wa miaka sitini hivi, skafu ya kijani kichwani, alikuwa amechutama kwenye majivu akifukua mkia wa kangaruu. Hakusimama.

"Ukoo gani wewe?"

"Nungarrayi."

"Basi mimi shangazi yako. Kaa. Si hapo! Huyo mbwa ana viroboto kuliko ulivyo na nywele."

Coralie alikaa palipobaki. "Shangazi, siku hizi wanakuitaje?"

"Napaljarri, kwa ukoo wangu. Au Kumanjayi."

Coralie aliacha kuandika. Kumanjayi ndilo jina wanalopewa wote waliobaki hai na jina la marehemu. Mtu akifa, jina lake linafungwa, pengine kwa miaka, na kila aliyekuwa nalo analiweka chini.

"Pole, shangazi. Nani ametangulia?"

"Dada yangu. Mtoto wa mama mkubwa. Nesi wa misheni alitupa wote wawili jina moja. Mvivu yule, alikuwa na majina manne tu kichwani."

Kwa hiyo fumbo la ukurasa wa sitini na moja lilikuwa limejifumbua, tena kwa namna ambayo Coralie hakuipenda hata kidogo. Mgeni amekuja kwenye ua wenye msiba, amelitamka jina la marehemu mara mbili kwa sauti, watu wazima wameinamisha macho na kumjibu ipasavyo. Wao hawakudanganya, walimheshimu maiti wao. Naye kwa ugeni wake akaandika alichosikia. Kosa la nia njema. Kesho wakili wa Idara angesimama na kusema tulikwenda, tuliuliza, tulijibiwa. Hakimu angewakaripia kidogo, kisha angesema mtoto ameshazoea, na Jaylene angekulia Adelaide mpaka awe mtu mzima.

"Umenuna," Napaljarri alisema.

"Nafikiri."

"Fikiria ukila." Akamkatia kipande cha mkia.

Coralie alikula, maana kukataa kungekuwa vita nyingine. "Yule binti wa Idara alipokuja, ulikuwa wapi?"

"Kwenye kambi ya kilio, ng'ambo ya mto mkavu. Tulihama wote. Binamu zangu watatu ndio walikuwa wamerudi hapa kuangalia nyumba. Waliniambia kuna Mzungu amekuja analiita jina la marehemu kwa sauti, kama anaita mbwa."

"Hiyo ni tarehe tisa Mei."

"Nani kakwambia? Mei tisa nilikuwa hapa hapa nimekaa kama malkia! Ni siku yangu ya kuzaliwa. Mjukuu wangu mkubwa aliniombea wimbo redioni. Mtangazaji, mzee Jampijinpa, akalitangaza jina langu, kambi nzima ikasikia. Dada akaja hapa mbio, analalamika kwa nini yeye hatangazwi na jina ni lile lile. Akakaa, akala keki yangu kuliko mimi mwenyewe."

Coralie aliiweka nyama chini taratibu.

"Dada yako alikuja hapa. Mei tisa. Kwa miguu yake."

"Na mdomo wake."

"Alifariki lini?"

Napaljarri alichokoa majivu. "Ishirini na moja. Hospitali."

"Na Jaylene? Siku ile ya keki ulidhani yuko wapi?"

"Yule mpenzi wa binti yangu alinipigia simu. Alisema amempeleka kwa mama yake Adelaide, kwa hiyo nikala keki." Akakitupa kijiti kwenye majivu. "Mjukuu wangu alikuwa mjini hapa hapa siku tano nzima, mwanangu. Kilomita tatu. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Mbwa aliondoka na kile kipande cha mkia na hakuna aliyemfukuza.

Mtangazaji wa redio ya wenyeji alikuwa mzee wa miaka sabini mwenye kofia pana, na alimpokea Coralie kwa mikono miwili. "Karibu, mama yangu," alisema, kwa kuwa kila mtu wa ukoo wa Jampijinpa huzaliwa na Nungarrayi, ukoo wa Coralie, na umri hauhusiki.

"Mwanangu, nataka kitabu chako cha salamu. Mei."

Alimfungulia. Tarehe tisa, saa tisa alasiri, wimbo wa kantri, siku ya kuzaliwa, nyumba namba saba Ironwood. Palipokuwa na jina palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi nyeupe.

"Nimeliziba kitabu kizima," mzee alisema. "Usinibandulie."

"Nipe nakala hivyo hivyo, na karatasi yako juu."

Kutoka hapo alipita hospitali, akapewa cheti chenye tarehe ya kifo: Mei ishirini na moja, alfajiri. Akaziandika tarehe nne kwa kufuatana kwenye ukurasa mmoja wa daftari lake, tisa, kumi na mbili, ishirini na moja, tatu Juni, akazitazama kwa muda mfupi, akawasha gari.

Kirsten alikuwa anafungua mlango wa kigari chake cheupe saa kumi na nusu alipomkuta.

"Ile nyumba ulifika kweli," Coralie alisema. "Asubuhi nilikuamini na sasa nakuamini."

Kirsten alishusha pumzi.

"Ila hukwenda tarehe tisa. Tarehe tisa jina lile lilikuwa redioni. Ungeuliza, wangekuonyesha mlango, na keki wangekukatia. Jibu ulilopewa, hakuna mtu Ironwood ambaye angekupa kabla ya Mei ishirini na moja, kwa sababu mpaka siku hiyo mwenye jina mwingine alikuwa hai. Na mtoto alipanda ndege Mei kumi na mbili. Mlimpeleka kwanza, bibi mkamtafuta baadaye."

"Naomba usiongee kwa sauti."

"Fomu yako yote ni kweli, tarehe tu ndiyo ya uongo. Ungebuni kila kitu nisingekupata."

Kirsten aliegemea gari. "Mwanasheria wetu aliliomba faili mwanzoni mwa Juni. Pale penye kutafuta ndugu palikuwa patupu. Graeme aliniambia niende haraka nikaulize, nijaze fomu kwa tarehe ya kabla ya safari. Alisema ni utaratibu tu, jibu lingekuwa lile lile." Akafuta macho. "Mimi sikujua habari za jina."

"Ya jina hukujua. Tarehe uliijua."

"Nikisaini maelezo hayo nafukuzwa kazi."

Hakusaini. Pollard alipoulizwa dakika kumi baadaye, hakutikisika. "Kosa la kalamu, kama lipo. Na hizo hadithi zenu za majina, nenda kazieleze mahakamani. Hakimu ana wiki ya tatu tu hapa, ametoka Hobart. Sisi tutasema ndugu walimficha bibi, wanavyoficha kila kitu."

Coralie alikasirika, na hasira ilimfanya aendeshe kwa mwendo wa pole hadi Ironwood. Pollard alikuwa amesema kweli moja: desturi ikielezwa na mtu aliyeshika karatasi, hugeuka maoni yake. Ilibidi hakimu aione.

"Shangazi," alisema alipofika, "kesho nataka karani aliite lile jina mbele ya watu wote. Mara moja. Na wewe ukae kimya."

Napaljarri alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. "Mbele ya binti wa dada yangu?"

"Mwambie asije."

"Atakuja. Jaylene ni mtoto wake naye." Alisukuma ukuni motoni. "Mara moja," mwanamke alisema mwishowe. "Karani akirudia, naondoka, na wewe usiniite shangazi tena."

Hakimu Aldous alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine shingoni. Alimsikiliza wakili wa Idara kwa dakika ishirini. Wakili alisema Idara ilimtafuta bibi kabla ya mtoto kusafiri, na ndugu wenyewe ndio waliomficha. Kisha hakimu akamgeukia Coralie.

"Mheshimiwa, kabla sijasema lolote, naomba karani amwite mlalamikaji kwa jina lililoandikwa kwenye ile fomu ya njano. Mara moja tu."

Karani aliita kwa sauti safi.

Kwenye mabenchi ya nyuma vichwa vinane viliinama pamoja. Binti wa marehemu alivuta blanketi likamfunika uso, na kutoka chini yake kikasikika kilio kidogo. Mwanamke mwenye skafu ya kijani alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyesimama.

"Hayupo?" hakimu aliuliza. Alimtazama askari wa mlangoni, kijana mzaliwa wa Larkin Creek, sare yake imepigwa pasi. "Afisa, huyo mama yupo nje?"

Askari aliinamisha macho. "Hakuna mtu wa jina hilo, Mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani. Alilivuta faili, akafungua ukurasa wa sitini na moja, akausoma kwa kidole.

"Mheshimiwa, mlalamikaji amekaa mita chache kutoka kwako, mwenye skafu ya kijani," Coralie alisema. "Jina la marehemu dada yake ni hilo hilo, na halitajwi. Dada huyo alifariki Mei ishirini na moja. Cheti cha hospitali ni hiki. Hii hapa ni nakala ya redio: Mei tisa jina bado lilitangazwa, pamoja na namba ya nyumba. Na hiki ni kitabu cha magari cha Idara, safari ya Ironwood, Juni tatu."

Wakili alikuwa tayari amesimama. Hakimu alimkalisha kwa mkono.

"Bi Hadley. Uliambiwa maneno kama haya?"

Kirsten, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa anamtazama yule mwanamke aliyeziba masikio. Pollard alimgusa kiwiko. Akakiondoa.

"Hivi hivi, Mheshimiwa. Na yule mwanaume aliangalia chini hivi hivi."

"Lini?"

"Tarehe tatu Juni. Mtoto alikuwa ameshaondoka wiki tatu nyuma. Tarehe ile nyingine niliambiwa niiandike."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Amri ya miaka kumi na minane ilikataliwa. Fomu ya njano ilichukuliwa ipelekwe polisi pamoja na majina ya waliotia saini. Hakimu aliagiza mtoto akabidhiwe kwa bibi yake ndani ya siku kumi na nne, chini ya uangalizi wa Mtetezi. Pollard alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi ambayo haikuwa na mistari.

Wakili wa Idara aliomba angalau ripoti ya walezi iingizwe kwenye kumbukumbu, ili mahakama ijue mtoto alitunzwa vizuri. Akaruhusiwa. Alisoma kwamba Jaylene anakula vizuri, analala usiku kucha, amepata meno mawili mapya, na kwamba ameanza kuongea, ana maneno kama ishirini.

Napaljarri aliinua mkono. Hakimu alimruhusu.

"Ya lugha gani?"

Wakili aliitazama ripoti, akaigeuza upande wa pili.

"Basi mleteni upesi," Napaljarri alisema, "kabla hajafikisha maneno hamsini."